Robo Niliyoikata

Jumamosi ya tatu darasani, mwalimu wetu wa picha alichora mstatili mkubwa ubaoni, akaugawa kwa mistari minne: miwili ya kusimama, miwili ya kulala. Vikatokea visanduku tisa. Pale mistari inapokutana akaweka nukta nne nyekundu. "Jicho la mtu hupenda kutua hapa," akasema. "Si katikati. Katikati ni ya picha ya kitambulisho."

Tulicheka. Tulikuwa wanafunzi saba na kamera mbili za kupokezana, ghorofa ya nne ya jengo moja huku tao, lifti imekufa, honi za mathree zikiingia dirishani bila kubisha.

Kama una simu, kanuni hii iko mfukoni mwako. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, washa gridi, utaviona visanduku tisa. Inaitwa kanuni ya theluthi. Jina hilo liliandikwa mwaka 1797 kwenye kitabu cha Mwingereza mmoja, John Thomas Smith, aliyekuwa akifundisha namna ya kuchora mandhari ya mashambani: anga ipewe theluthi mbili, ardhi theluthi moja, au kinyume chake. Kamera ya picha ilikuwa haijazaliwa bado. Kwa hivyo kila ukiwasha gridi kupiga picha ya chapo na maharagwe, unafuata ushauri uliotolewa kwa watu waliochora miti ya Uingereza.

Mimi niliipenda kanuni hiyo papo hapo. Nilikuwa nimepiga picha kwa simu miaka mitatu, zingine zinatoka poa, zingine zinatoka takataka, na sikujua kwa nini. Sasa nilipewa kwa nini. Mwalimu akaongeza zingine. Mistari elekezi: tafuta barabara, ukuta, reli, kitu chochote kirefu kinachopeleka jicho kwa yule unayetaka aonekane. Safisha nyuma: hakikisha nguzo ya stima haijaota kichwani mwa mtu. Chuchumaa, usipige kila kitu ukiwa wima kama askari. Na ya mwisho, ambayo aliirudia hadi tukaanza kumwigiza tukishuka ngazi: "Mchoraji huongeza. Mpiga picha hutoa. Ukiwa na shaka, kata."

Kazi ya wiki hiyo ilikuwa fupi: mtu akiwa kazini.

*

Nilijua niende kwa nani. Mtaani kwetu, Eastlands, kuna mama anauza sukuma, nyanya, vitunguu, na jioni chapati. Jina lake sitaliandika, na mkifika mwisho mtaona sababu. Nitamwita Mama, vile kila mtu humwita. Amenilisha kwa deni zaidi ya mara moja. Ana kitabu cha mazoezi ambacho ameandika majina yetu sote, na jina langu haliishi humo.

Nilifika saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini na rangi ya chai ya maziwa. Nikamuuliza kama naweza kumpiga picha ya darasa. "Piga tu," akasema, akaendelea kukata sukuma. Mbele ya kibanda chake mtaro wa maji machafu unapita, umenyooka, na jua lilikuwa limeulalia hadi ukang'aa. Nikachuchumaa. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa miaka minne ya kuuruka huo mtaro: ulianza mpana miguuni pangu, ukaenda ukipungua, ukaishia kwake. Mstari elekezi. Mungu mwenyewe ameuchora, nikajiambia.

Nikapiga kama ishirini. Usiku nikachagua moja. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kwamba Mama alikuwa katikati kabisa. Upande wa kulia kulikuwa na fujo: bango jipya la rangi nyekundu na njano, friji ndogo ya soda, na binti yake amekaa juu ya kreti akiandika homuwaki. Jicho lilikuwa linakimbilia bango. Nikakata.

Hesabu yake ni rahisi, mtu yeyote anaweza kuifanya. Ukiwa na mtu katikati ya picha, ukaondoa robo ya upana wake upande wa kulia, yule mtu anahamia theluthi mbili kutoka kushoto. Bila kusogea hatua. Nilikata robo, naye Mama akaangukia pale pale kwenye nukta nyekundu, juu kulia, mtaro ukipanda kwake kutoka chini kushoto, mwanga ukimgusa shavu moja. Hakukuwa na kitu kingine, yeye tu na kisu na sukuma na maji machafu.

Jumamosi mwalimu aliiacha ukutani nusu saa. Hakuwa mtu wa kusifu. Alisema, "Huyu ameelewa." Tangu niache chuo hakuna mwalimu aliyekuwa ameniambia neno kama hilo, na sitadanganya, nilitembea hadi stage nikitabasamu kama mjinga. Mwenzangu darasani alijua shirika fulani linatafuta picha ya jalada la ripoti kuhusu wanawake wa mjini. Walitaka "picha yenye nguvu." Nikatuma. Siku tatu baadaye simu ikalia: shilingi 12,000 kwenye M-Pesa. Wiki hiyo landilodi alikuwa ameshafunga mlango wa jirani yangu kwa kufuli lake. Nikalipa kodi siku hiyo hiyo.

Ndipo nikachapisha nakala moja, nikampelekea Mama kama zawadi.

*

Aliishika kwa vidole viwili kwa sababu mikono ilikuwa na unga. Akaiangalia kitambo. "Hii ni nini?"

"Ni wewe, Mama."

"Naona ni mimi. Nimeuliza hii ni nini." Kidole kilikuwa kwenye mtaro.

Nikaanza kumweleza mambo ya mistari. Akanikatiza. "Na bango langu? Hiyo bango nimechorewa juzi kwa elfu mbili mia tano. Na friji? Na mtoto?" Halafu akasema kitu ambacho nimekibeba tangu siku hiyo: "Kijana yangu, mbona umenipiga kama mtu wa kuombewa?"

Sikuwa na jibu. Nilitaka kusema sikuongeza kitu. Kila kilichokuwa kwenye ile picha kilikuwepo: mtaro upo, sukuma ipo, uchovu kwenye uso wake ulikuwepo. Hakuna uongo hata mmoja ningeweza kuonyeshwa. Na bado yule mwanamke wa kwenye picha si yule aliyesimama mbele yangu. Yule wa kwenye picha hana biashara inayokua, hana mtoto anayesoma, hana rangi. Ana mtaro.

Hapo ndipo swali langu linaanza. Tumezoea kufikiri kwamba uongo wa picha ni kuongeza: kubandika kichwa cha mtu kwenye mwili mwingine, kuunda kitu kwa AI. Tunajua kukasirikia hayo. Lakini kutoa je? Ukisema ukweli robo tatu, na robo ya nne ukaiacha nje kwa sababu haikupendeza, umesema nini?

*

Kuna picha moja ambayo kila mtu anayejifunza kukata picha angefaa aisome. Januari 2020, Davos, Uswisi. Vijana watano wanaotetea tabianchi wamesimama, nyuma yao milima yenye theluji. Mmoja ni Greta Thunberg. Wengine watatu pia ni Wazungu. Wa tano, pembeni kabisa upande wa kushoto, ni Vanessa Nakate kutoka Uganda. Shirika la habari la Associated Press likaitoa picha ikiwa na watu wanne. Nakate alikuwa amekatwa. Alilia kwenye video akiuliza kwa nini, na akaandika kwamba hawakufuta picha tu, walifuta bara zima.

Shirika liliomba radhi baadaye. Lakini kinachonikaa moyoni ni maelezo ya kwanza waliyotoa: mpiga picha alikuwa mbioni, na alikata kwa sababu za mpangilio wa picha tu. Kulikuwa na jengo nyuma ya Nakate, na lilikuwa linavuruga jicho.

Niliposoma hayo miaka iliyopita, nilicheka kwa hasira. Nikasema huyo ni mbaguzi anajificha nyuma ya jengo. Sasa nimeshakata robo yangu mwenyewe, na ninaamini kwamba huenda alisema kweli. Huenda hakumchukia mtu. Aliona jengo, mkono ukakumbuka kanuni, ukakata. Na hilo linanitisha zaidi kuliko chuki, kwa sababu chuki ungeweza kuikamata. Jicho lililofunzwa halijui kwamba linachagua. Linadhani linasafisha.

Maana "kinachovuruga" si kitu kilicho kwenye picha. Ni kitu kilicho kichwani mwako. Bango la Mama lilinivuruga kwa sababu nilikuwa tayari nimeamua picha inahusu nini: mwanamke, kazi ngumu, mtaa. Nimeshaona picha kama hizo elfu moja, ndiyo maana niliitambua nilipoiona. Bango lilikuwa linasema habari nyingine, na mimi sikuja kuchukua habari nyingine. Nilikuja na habari yangu, nikamtafutia mtu wa kukaa ndani yake.

*

Nilirudi wiki iliyofuata na kamera ya darasa. Nikamwambia Mama tupige tena, na safari hii apange yeye.

Alichukua saa nzima. Alifunga duka kidogo, akaenda nyumbani, akarudi na leso mpya na vipuli. Akamwita binti yake, akamfunga vifungo vya sweta ya shule. Akapanga nyanya kwenye mafungu. Akaomba jirani wa pembeni amwazime kreti mbili za soda, akazipanga mbele, juu ya mtaro, hadi mtaro ukapotea. Halafu akasimama. Wapi? Katikati. Wima, mikono chini, bila tabasamu, bango juu ya kichwa chake kama taji.

Kwa kanuni za darasani ilikuwa picha mbovu. Lakini nilipokuwa nikiangalia kwenye kioo cha kamera nilikumbuka albamu ya nyanya yangu. Kila mtu yuko katikati. Harusi, ubatizo, kijana wa kwanza kununua redio: katikati, wima, anakuangalia machoni. Ndivyo walivyokuwa wakipigwa studioni kote Afrika. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alikuwa na vitu vya kuazimisha wateja: redio, saa, mavazi, hata pikipiki ya Vespa. Mtu alikuja akajichagulia awe nani. Leo picha zake zinaning'inia kwenye majumba ya sanaa Ulaya na Marekani, lakini zilianza kama picha za watu waliolipa ili waonekane wanavyotaka.

Mwalimu alisema katikati ni ya kitambulisho, nasi tukacheka. Siku hizi nafikiri wazee wetu walijua jambo ambalo John Thomas Smith hakuhitaji kulijua. Mti haukatwi picha ukaumia. Mtu anayesimama pembeni ndiye wa kwanza kuondoka mkasi ukija. Ukitaka usikatwe, simama katikati.

*

Natamani ningeishia hapo, na ningeweza: picha yangu mbaya, picha yake nzuri, tumejifunza, asanteni. Lakini kuna kreti mbili za soda.

Zile kreti si zake. Na mtaro uko chini yake. Picha ya Mama nayo imekata, ila imekata upande wake. Nikisema yangu ilidanganya, lazima niseme na yake imedanganya. Tena mtaro ule si pambo. Mvua ikinyesha unafurika hadi milangoni, na watoto wanauruka wakienda shule. Siku kanjo wakiletewa picha, hawatashtushwa na vipuli vya Mama. Watashtushwa, kama watashtuka, na picha yangu.

Na hapo namfikiria Mohamed Amin, Mkenya, mtoto wa Nairobi. Oktoba 1984 aliingia Korem, kaskazini mwa Ethiopia, na kamera yake, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Alichokirekodi kilizunguka dunia nzima, na kwa sehemu kubwa kutokana na hizo picha, misaada ilimiminika, hadi tamasha la Live Aid mwaka uliofuata. Hakuna aliyesimama pale Korem akasubiri akaulizwa apangwe vipi. Ningekuwepo, ningesema nini? Weka kamera chini mpaka kila mama akubali? Watu walikuwa wanakufa usiku huo huo. Na bado ni kweli pia kwamba kwa miaka mingi baadaye, Mhabeshi angeweza kufika mji wowote Ulaya akakuta njaa ya Korem imemtangulia mlangoni. Picha iliokoa watu na ikawafunga watu. Sijui mizani ya kupima hayo mawili.

Kwa hivyo sisemi kwamba mtu apangwe anavyotaka kila wakati. Fisadi naye angependa kujipanga. Ninachosema ni kidogo zaidi. Kila fremu inaacha kitu nje, na haiwezi kuwa vinginevyo, kwani dunia haiishi kingo na picha ina kingo nne. Swali si kama umekata. Swali ni nani analipia kile ulichokata. Kreti za Mama zinamgharimu nani? Kanjo kidogo ya aibu ambayo hawakuwa nayo. Robo yangu ilimgharimu nani? Yeye, na binti yake aliyefutwa akiwa anaandika homuwaki. Mimi ilinilipia kodi.

Kuna mtu atasema: si ulimuuliza? Alisema "piga tu." Kweli, na sheria inajali hilo. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja Nairobi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni. Ni vizuri. Lakini Mama alikubali nichukue sura yake. Hakukubali nichukue bango lake. Hakukubali jalada, kwa sababu sikumwambia kuna jalada, nami mwenyewe sikujua bado. Ridhaa ya kupigwa na ridhaa ya kusimuliwa ni vitu viwili, na ya pili hakuna fomu yake.

*

Niliwaandikia wale wa shirika, nikaomba wabadilishe picha. Nikawatumia ile ya pili. Walijibu kwa adabu nyingi. Ripoti ilikuwa imeshaingia mtamboni, na ile ya pili, walisema, ni nzuri pia, ila "haibebi ujumbe." Sikuwalaumu. Wiki mbili kabla ya hapo na mimi ningesema hivyo hivyo.

Nilimweleza Mama yote, pamoja na zile 12,000. Nilidhani atanifukuza. Aliuliza swali moja: "Wamesema naitwa nani?" Nikamwambia hawajaandika jina. Akanyamaza, akageuza chapati. "Afadhali," akasema. Ndiyo sababu hata mimi hapa sijaliandika.

Nusu ya pesa nilimlipa kwa mafungu matatu, maana nilikuwa nimeshakula zote. Fungu la mwisho alilipokea, akafungua kile kitabu cha mazoezi, akatoa deni langu la sukuma kwanza, shilingi 840, akalipiga mstari jina langu. Mara ya kwanza kwa miaka minne.

Siku hizi nikipiga mtu, simwachi kabla sijamgeuzia kioo na kumuuliza: nini kinakosekana? Wengine hucheka, wanasema iko sawa. Mzee mmoja wa viatu aliniambia nirudie, mguu wake mbovu usionekane. Msichana mmoja kule stage aliniambia nifute, nikafuta, na ilikuwa picha kali kuliko zote nilizopiga mwaka huu. Mwalimu wangu akijua atanipiga kofi. Wakati mwingine sifuti. Nilimpiga askari wa kanjo akimwaga njugu za mtoto barabarani, na sikumgeuzia kioo.

Picha ya pili iko kibandani kwa Mama, ndani ya karatasi ya plastiki, jua limeanza kuila rangi upande mmoja. Wateja huuliza nani alipiga, yeye husema, "Mimi mwenyewe, huyu alishika tu kamera."

Nakala ya ripoti ilinifikia mwezi uliopita. Iko kwenye bahasha, chini ya godoro. Mama ameniuliza mara mbili kama imekuja, na mara zote mbili nimesema bado. Huo ni uongo wa kawaida kabisa, sihitaji kanuni ya theluthi kuueleza. Jumapili nitampelekea. Sitamweleza mistari. Nitampa aishike, mikono ikiwa na unga au isiwe nao, na ninyamaze.